SOMO: Acha kugawa kete bure (chesi ya mtandaoni kwa anayeanza)

Wakuu, habari. Kwa wiki tatu sasa nakaa na mdogo wangu jioni tunapitia michezo yake ya Lichess (tovuti ya kuchezea chesi). Kete zote anajua zinavyotembea, lakini karibu kila anapofungwa kuna kitu amekigawa bure: malkia kaachwa mdomoni mwa farasi, ngome imesahauliwa kwenye kona. Kwa hiyo somo hili linahusu kuacha kuliwa ovyo.

1. Badili saa. Achana na michezo ya dakika 3. Chagua dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila mwendo. Michezo miwili ya taratibu kwa siku inakutosha kabisa.

2. Kabla ya kugusa kete, jiulize: mwendo wake huu unatishia nini? Kisha: nikipeleka kete yangu pale, nani anaweza kuila, na nani wangu anailinda? Thamani zikukae kichwani: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9.

Tuone mfano. Kila mraba una jina: herufi ni safu ya wima (a hadi h), namba ni mstari wa mlalo ukihesabu kutoka upande wa mweupe (1 hadi 8). Wewe ni mweusi. Mweupe anasogeza askari hadi e4, unajibu e5. Malkia wake anatoka mpaka h5. Anatishia nini? Askari wako wa e5 hana mlinzi. Wengi hushtuka, wakasogeza askari g6 kumfukuza. Malkia anakula e5 kwa cheki (yaani anamtishia mfalme wako), na zamu inayofuata anabeba ngome ya h8. Jibu zuri ni farasi c6, e5 inalindwa. Sasa askofu wake anakuja c4. Hapa mdogo wangu alitoa farasi wa pili f6, akidhani anamfukuza malkia. Malkia akala f7, mchezo ukaisha kwenye mwendo wa nne.

Nikamrudisha nyuma, nikamuuliza: hawa wawili wanatazama mraba gani? Alifuata njia ya askofu kwa kidole kwenye skrini, taratibu, mpaka akasema, "F7!" Basi hapo ndipo pa kusogeza g6. Mwendo uleule uliokuwa sumu zamu moja kabla, sasa ni dawa. Malkia akirudi f3 kutishia tena, farasi anatoka f6 na kuziba njia.

3. Mwanzoni sukuma askari wa katikati, toa farasi na maaskofu, kisha mfiche mfalme: anaruka miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome inavuka upande wake wa pili. Usitembeze kete moja mara tatu wakati wenzake wamelala.

4. Ukifungwa, usikimbilie mchezo mpya. Tafuta mwenyewe mwendo uliokuharibia, ndipo uwashe uchambuzi wa kompyuta (Lichess ni bure). Ongeza mafumbo machache kila siku, na usiguse kitu kabla hujaona jibu lote.

MASWALI

Swali: Mkuu, bando langu ni la kuungaunga. Likikata katikati ya mchezo inakuwaje?
Jibu: Saa yako inaendelea kukatika. Cheza ile michezo ya siku kadhaa kwa mwendo mmoja: unaingia, unafikiri, unasogeza, unatoka.

Swali: Kaka, mbona namba yangu ya kiwango ya Lichess imeshuka sana wiki ya kwanza? Nimekata tamaa.
Jibu: Usikate tamaa, dada. Pale kila mgeni huanzishwa na 1500, kwa hiyo kwa anayeanza, kushuka ni kawaida. Usiilinganishe na namba ya Chess.com, mizani ni tofauti. Linganisha na yako mwenyewe ya mwezi uliopita.

Swali: Nilibaki na malkia, yeye mfalme mtupu, ikaandikwa sare! Nimeibiwa?
Jibu: Hujaibiwa. Zamu yake ilifika, hayuko kwenye cheki, na hana mraba wa kukanyaga. Hiyo ni sare kwa kanuni. Msogeze kwa malkia hadi ukingoni, lakini mwachie mraba wa kupumulia. Mlete mfalme wako karibu, ndipo umfunge. Fanya zoezi hilo na kompyuta leo, mara tano mfululizo, kisha uje utuambie.