Kukwepa sigaa feki unaponunua Havana

Sigaa za Kuba, zile sigara nene za majani matupu, hughushiwa sana, na mtalii ndiye anayelengwa kwanza. Usitegemee kuonja. Ukaguzi wote ufanyike kabla hujatoa hela.

1. Chagua duka kwanza. Nenda La Casa del Habano, duka rasmi la sigaa za Kuba, au duka la serikali lililo ndani ya hoteli kubwa. Mtaani utaambiwa leo ni siku ya ushirika, wafanyakazi wa kiwanda wanauza kwa bei ya chini, au binamu ya mtu anafanya kazi kiwanda cha Partagás. Siku hiyo haipo. Mwaka 2022 bei za chapa za Cohiba na Trinidad zilipandishwa mno duniani kote, kwa hiyo sanduku la Cohiba la bei ya kutupa limeshajieleza lenyewe.

2. Geuza sanduku. Kama kifuniko ni cha kioo, lirudishe hapo hapo, usipoteze muda. Chini pawe na maneno Habanos s.a. (kampuni inayouza sigaa za Kuba), Hecho en Cuba (imetengenezwa Kuba) na Totalmente a mano (kwa mikono kabisa), yaliyochomwa kwenye mbao kwa chuma cha moto. Pitisha kucha: lazima ikwame kidogo kwenye herufi. Kama inateleza, hiyo ni rangi tu.

Karibu yake kuna mhuri wa wino wenye msimbo wa kiwanda, mwezi na mwaka. Hapa waghushi wengi huumbuka, kwa sababu miezi hufupishwa kwa Kihispania. Januari ni ENE, Aprili ABR, Agosti AGO, Desemba DIC. Ukiona JAN au DEC, achana nalo. Vilevile, Habanos s.a. ilichukua nafasi ya kampuni ya Cubatabaco mwaka 1994, hivyo jina la Cubatabaco pamoja na tarehe ya juzi juzi haviendani. Cohiba Behike nayo huuzwa kwenye masanduku ya 10. La 25 ni bandia.

3. Soma kibandiko cha kijani. Kiwe na hologramu na msimbopau wenye namba, ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos. Lakini namba halali inaweza kunakiliwa, kwa hiyo linganisha masanduku mawili: namba zikifanana, yote mawili yaache.

4. Omba lifunguliwe. Duka la kweli halikatai. Rangi za sigaa zikaribiane sana, pete, yaani vikanda vya karatasi vya chapa, zikae kimo kimoja zikitazama juu. Bonyeza moja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho; ukikuta fundo gumu au pengo laini, imeviringishwa ovyo. Kisha igonge taratibu kiganjani kwa upande wa kuwashia. Feki hujazwa makombo, na makombo hayo humwagika. Angalizo: chapa za Quintero na José L. Piedra hutengenezwa kwa majani mafupi yaliyokatwakatwa hata zikiwa halisi, kwa hiyo kipimo hiki ni cha Cohiba, Montecristo na wenzake.

5. Tunza risiti. Forodha ya Kuba huruhusu sigaa 20 zisizo kwenye sanduku, au hadi 50 katika masanduku halisi yenye hologramu. Zaidi ya hapo utadaiwa ankara ya duka, na asiye nayo hunyang'anywa. Anayeelekea Marekani asinunue za kubeba kabisa, maana tangu Septemba 2020 wasafiri hawaruhusiwi kuingia nazo.