Ukienda sokoni kutafiti murabaha, usilitaje neno lenyewe

Wewe unayeandaa tasnifu ya uzamivu kuhusu uchumi wa Kiislamu na unataka data za wachuuzi wa Kadutu, hapa Bukavu: ondoa neno "murabaha" (kuuza mali kwa bei ya kununulia pamoja na faida inayotajwa wazi) kwenye dodoso. Ukilitaja, wengi watajibu ndiyo kwa heshima tu, hasa wakikuona umevaa kofia.

Uliza juu ya gunia la mwisho la mchele ambalo mchuuzi alichukua kwa deni. Nani alilinunua kwanza kwa muuzaji wa jumla? Kama lingelowa mvua kabla hajakabidhiwa, hasara ingekuwa ya nani? Aliambiwa bei ya kununulia na faida iliyoongezwa juu yake? Murabaha inataka mwenye mtaji amiliki mali kwanza na kubeba hatari yake, ndipo auze. Mtu akikuambia, "Alinipa dola 100 mkononi, nikarudisha 115," huo ni mkopo wa riba, wauite watakavyo.

Andika maneno yake vilevile, kwa Kiswahili chake. Kifaransa cha tasnifu kitangoja. Likelemba nayo iulize kando: ni zamu ya kupokea michango, hakuna anayemuuzia mwenzake kitu.