Matawi ya baiolojia chini ya mkorosho mmoja

Mwalimu mwenzangu, nilikuwa naandika matawi ya baiolojia ubaoni, kidato cha kwanza wanakariri, wiki inayofuata hawana kitu. Siku hizi nawatoa nje. Hapa Mtwara mkorosho haukosekani. Nenda nao mwezi wa tisa, maua ya mwisho yanapokutana na mabibo ya kwanza.

Hatua ya 1: Jina. Waandike Anacardium occidentale, kisha uliza mkorosho una undugu gani na mwembe. Ni familia moja. Kupanga viumbe kwa undugu ndiyo taksonomia. Ukisema mti huu asili yake Brazili na uliletwa na Wareno, yupo atakayekubishia kuwa ni wa Newala.

Hatua ya 2: Pasueni bibo. Hapa usiharakishe. Karibu wote watasema bibo ndilo tunda, kumbe tunda ni korosho yenyewe; bibo ni kikonyo kilichovimba. Hii ni botania, elimu ya mimea: umbo la nje ni mofolojia, mkikata ndani ni anatomia, mkiuliza maji yanapandaje kutoka mizizini ni fiziolojia. Wasiguse mafuta ya ganda bichi, yanababua ngozi. Kwa nini yanababua? Muulizeni mtu wa baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai.

Hatua ya 3: Tafuteni unga mweupe kwenye maua. Ni ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu, si vumbi la barabarani. Anayechunguza kuvu anafanya mikolojia. Sasa wataelewa salfa wanayopuliza wazazi wao inapigana na nani.

Hatua ya 4: Wadudu, yaani entomolojia, tawi la zuolojia, elimu ya wanyama. Mbu wa mikorosho si mbu hata kidogo. Yuko kundi moja na kunguni, hufyonza machipukizi yakanyauka. Majimoto, wale chungu wanaouma, wakijaa mtini humwinda, naye huadimika. Hapo mmeshaingia ikolojia, elimu ya viumbe wanavyohusiana na mazingira yao, bila kupiga hodi. Ila msiegemee shina. Mimi niliegemea, darasa zima likacheka.

Hatua ya 5: Linganisheni mti wa mbegu na mti wa kubebesha, yaani uliounganishwa kijitawi cha mti mwingine. Kijitawi hicho cha kubebeshea hubaki na urithi wa mti kilikokatwa. Mbegu huchanganya wa wazazi wawili. Hiyo ni jenetiki, na kituo cha utafiti cha Naliendele wanaitumia kutoa aina bora.

Hatua ya 6: Mikrobaiolojia, elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Juisi ya mabibo huwa uraka, yaani pombe, kwa kazi ya hamira. Nasema hilo tu, mkuu wa shule asije akaniita.

Hatua ya 7: Vipe vikundi swali moja: kwa nini mti huu umezaa kidogo? Mmoja atasema kuvu, mwingine mbu, mwingine mbegu. Waache wabishane hadi kengele ilie.