Kuona ndani ya nyama bila kuongeza mwanga: jaribio la kidari na glisirini

Hili ni kwa walimu wa fizikia na baiolojia na madogo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaopenda mambo ya hadubini, vitu vyote unavipata soko la Majengo na duka la dawa.

Tatizo lenyewe kwanza. Kidari cha kuku ni cheupe sio kwa sababu kinameza mwanga, kinautawanya. Maji ya kwenye seli yanapinda mwanga kwa kipimo cha 1.33 hivi, mafuta na protini zinakaribia 1.45, sasa kila mwanga ukitoka kwenye kimoja kuingia kingine unachepuka kidogo, ndani ya milimita moja umeshachepuka mara kibao na picha imeshavurugika. Ndo maana tochi kali haisaidii, ni sawa na kuwasha ful nyuma ya fuso kwenye njia ya vumbi, unazidi kuona vumbi tu. Dawa ni kusawazisha hivyo vipimo viwili.

Chukua kidari cha broila, weka friza kianze kugandaganda (kikiwa laini hakikatiki vizuri), kata kwa wembe mpya vipande vya milimita 1 mpaka 2. Hapa usifanye haraka, kipande kinene ndo kinaharibu jaribio zima.

Kimoja weka kwenye maji yenye chumvi kidogo, kingine kwenye glisirini, ile ile tunayopaka kipupwe ngozi ikikauka, ila hakikisha ni tupu isiyo na manukato. Kipimo chake ni 1.47, inaingia taratibu na huku inavuta maji nje, kwahiyo kipande kitasinyaa na kukakamaa kidogo, usishtuke. Funika, acha kwenye friji usiku kucha. Hamna glisirini? Shira nzito ya sukari nayo inafanya kazi, ya asilimia 65 inafika 1.45, shida ni kunata na sisimizi.

Asubuhi tandika nailoni nyepesi juu ya gazeti, weka vipande vyote viwili, soma herufi za chini, kile cha glisirini ndo kinatakiwa kuzionyesha. Alafu zima taa pitisha leza ya kufundishia, nyekundu halafu ya kijani (usimmulike mtu machoni!). Nyekundu inatawanyika kidogo zaidi, na kwenye mwili wenye damu tofauti ni kubwa maana damu inameza sana kijani, weka kidole juu ya tochi ya simu utaona kinachotokea ni chekundu tu. Wanaopiga picha ndani ya mwili wanasogea mbele zaidi, urefu wa wimbi la mwanga kuanzia nanomita 650 mpaka 950 hivi.

Mtaniuliza habari ya rangi ya njano ya vyakula, E102. Ni kweli, 2024 watu wa Stanford waliipaka kwenye ngozi ya panya hai, ngozi ikaanza kupitisha mwanga mwekundu, ajabu yake ni kwamba rangi inayomeza bluu inapandisha kipimo cha maji upande wa nyekundu. Ila walitumia kali mno, kama gramu 300 kwa lita, kile kipaketi cha biriani hakifiki huko. Na msijipake, ngozi ya mtu ni nene kuliko ya panya na usalama wake haujathibitishwa.

Kwa ubongo wa panya hai kuna hadubini ya fotoni mbili (fotoni ni chembe ya mwanga), ya wanasayansi Denk, Strickler na Webb wa mwaka 1990, inapiga infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kwa mapigo mafupi na kinachong'aa ni pale tu mwanga ulipokusanyika, kwahiyo uliotawanyika njiani hauchafui picha. Inafika kama milimita moja, bei yake tuache.

Mwisho rudisha kile kipande cha glisirini kwenye maji ya chumvi ukiache masaa kadhaa, weupe unarudi, na wanafunzi wataona wenyewe kwamba nyama haikuyeyuka. Alafu vyote tupa, nawa mikono kwa sabuni, kuku huyo asirudi jikoni.