Jinsi ya Kuhudhuria Onyesho la Mpiga Piano Unayempenda

Mpiga piano uliyemsikiliza miaka mingi kwenye rekodi sasa atapiga mbele yako, peke yake, bila okestra na kwa kawaida bila kipaza sauti. Ukumbi mzima utategemea kinanda kimoja na utulivu wa waliokaa. Maandalizi basi ni ya mambo mawili: kukaa mahali panaposikika vizuri, na kuhakikisha kelele haitoki kwako.

Kiti

Wengi hukimbilia safu ya kwanza, na huko ndiko hasara inakoanzia. Piano kubwa ya tamasha, yenye urefu wa takriban mita 2.7, huwekwa ubavuubavu: kibodi iko kushoto kwako, mkia kulia, na kifuniko kimeinuliwa kuelekea ukumbini. Kifuniko hicho ndicho kinachoisukuma sauti kwa wasikilizaji. Ukikaa chini kabisa ya jukwaa, sauti inakupita juu ya kichwa. Unabaki na mlio wa pedali na kulitazama tumbo la piano.

Anza kutafuta kiti kuanzia safu ya sita au ya saba. Ukitaka kuona vidole, kaa kushoto mwa katikati. Ukitaka kuuona uso wa mpigaji, kaa kulia, lakini ujue kwamba mikono itafichwa na piano yenyewe. Viti vya kushoto huisha mapema, kwa hiyo nunua tiketi siku zinapoanza kuuzwa. Safu ya mbele ya roshani nayo ni nzuri mno kwa sauti, na mara nyingi watu huipuuza. Epuka viti vya nyuma vilivyo chini ya roshani, kwani dari fupi huimeza sauti. Ikibidi kuchagua, sisi tunachagua sauti: vidole utaviona hata kwenye video, lakini mwangwi wa ukumbi huupati nyumbani.

Programu

Wiki moja kabla, tazama programu (orodha ya vipande vitakavyopigwa) kwenye tovuti ya ukumbi, kisha itazame tena siku yenyewe. Wapiga piano hubadilisha vipande, na mabadiliko hayo mara nyingi hayakupi haki ya kurudishiwa pesa. Kila kipande kisikilize mara mbili tatu, tena kwa wapigaji wawili tofauti. Ukizoea rekodi ya kipenzi chako peke yake, utaishia kumlinganisha na yeye mwenyewe wa miaka kumi iliyopita, na hutasikia anachokifanya leo.

Andika kila kipande kina sehemu ngapi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuokoa wakati wa makofi, maana makofi hungoja hadi sehemu zote ziishe. Sonata ni kazi ndefu, kwa kawaida yenye sehemu kadhaa. Ya mwisho ya Beethoven, Op. 111 (namba ya kazi), ina sehemu 2 tu, nayo huisha kwa upole. *Appassionata*, sonata yake nyingine, ina 3, na ya pili huingia katika ya tatu bila kusimama. Sonata ya pili ya Chopin ina 4. Ya mwisho huchukua dakika moja na nusu hivi, imekwisha kabla hujajiweka sawa. Sonata ya Liszt katika B minor hupigwa kwa takriban nusu saa mfululizo.

Mitego miwili ikumbuke kwa majina. *Fantasie* ya Schumann, Op. 17: sehemu ya pili humalizika kwa kishindo na mbwembwe, makofi yanakuja yenyewe, kumbe bado ipo ya tatu, ya taratibu, iliyo moyo wa kazi nzima. *Ballade* ya nne ya Chopin: karibu na mwisho kuna akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kali, kisha kimya kifupi, kisha akodi chache za chinichini. Hapo haijaisha. Dhoruba yenyewe ndiyo inafuata.

Ndani ya ukumbi

Fika dakika 30 kabla. Ukichelewa, utangojea mlangoni hadi kipande kiishe, na kikiwa *Goldberg Variations* ya Bach, yenye tofauti 30 (vipande vinavyoibadilisha mada moja) na mara nyingi isiyo na mapumziko, huenda usiingie kabisa.

Simu izime kabisa. Mtetemo wake husikika, na mwanga wa kioo humsumbua aliye jukwaani. Mwaka 2013 huko Essen, Ujerumani, mpiga piano Krystian Zimerman alisimama na kuondoka jukwaani kwa muda baada ya kumwona mtu akirekodi kwa simu. Saa inayolia kila saa, bangili zinazogongana, karatasi ya programu mapajani: vyote viweke mbali.

Ukiwa na kikohozi, menya peremende kabla muziki haujaanza na uifunge kwenye leso. Kuimenya polepole katikati ya muziki ni kosa, kwa sababu mkwaruzo unarefuka tu. Kikohozi kikikulazimisha, kohoa ndani ya leso au kiwiko, muziki unapokuwa na sauti kubwa. Usikiachie peupe katikati ya *pianissimo* (sauti ya chini sana).

Makofi yana ishara yake, nayo ni mwili wa mpigaji. Mguu ukiwa bado juu ya pedali ya kulia, vizuia sauti vimeinuka na nyuzi zinaendelea kulia, muziki haujaisha. Ngoja mikono ishuke. Asiye na uhakika asiwe wa kwanza.

Baada ya kipande cha mwisho

Usikimbilie koti. Mpigaji akiitwa tena kwa makofi, huenda akaongeza kipande kimoja, viwili au zaidi, visivyo kwenye programu. Majina yake huyataja kwa sauti ndogo, au hayataji kabisa. Andika unachosikia, vinginevyo uliza wahudumu.

Kukiwa na kutia saini, uliza mahali pa foleni wakati wa mapumziko. Beba kalamu inayoshika kwenye karatasi ya kung'aa, na fungua mapema ukurasa unaotaka utiwe saini. Mkono usiuvute wala kuubana: ndio umetoka kufanya kazi ya saa mbili, basi ngoja yeye anyooshe wake. Mwambie jambo moja mahususi ulilolisikia usiku huo, sehemu gani na kipande gani, kisha mpishe anayefuata.