Kutambua kasoro za kiwandani kwenye chenji ya mfukoni

Mwaga mezani sarafu za Tanzania ulizorudishiwa kama chenji na makonda na wauza duka wiki nzima, uzitenge kwa thamani: hamsini ya pembe 7 yenye kifaru na mwanawe, mia ya Nyerere na swala, mia mbili ya Karume na simba, jero (mia tano) ya Karume na nyati. Panga 10 za aina moja kwa safu, vichwa vyote vikiwa wima. Jicho hugundua haraka isiyofanana na wenzake kuliko kukagua moja moja.

Unahitaji lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, mizani ndogo inayosoma gramu 0.01, sumaku ya spika mbovu na taa moja ya mezani. Zima taa ya dari. Mwanga utokee ubavuni, karibu usawa wa meza, ili kila mwinuko utoe kivuli.

Kiwandani, vipande vya duara hukatwa kutoka kwenye bamba, huinuliwa ukingo, kisha hugongwa kati ya mihuri miwili ndani ya pete ya chuma. Kasoro ya kweli huzaliwa katika hatua hizo. Mengine yote ni ajali za mtaani. Kwa hiyo kila ukiona kitu cha ajabu, jiulize metali imekwenda wapi.

Chukua mstari juu ya shavu la Nyerere. Ukiinuka juu ya uso wa sarafu, muhuri ulikuwa na ufa na metali ikaingia ndani yake: hiyo ni kasoro. Ukiwa mfereji, ni mkwaruzo tu. Pitisha ncha ya kijiti cha meno, utaona inapanda au inazama.

Sarafu iliyong'atwa pembeni hutokea bamba lisiposogea vya kutosha, kisu kikakata juu ya tundu la awali. Usiangalie pale palipong'atwa. Angalia ng'ambo yake. Mara nyingi ukingo wa upande huo wa pili huwa hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kusukumana nacho. Ukingo wa ng'ambo ukiwa imara na penye pengo pana mikwaruzo sambamba, shuku kwamba mtu ameisugua kwa tupa, kile chuma cha kunolea.

Maandishi yenye kivuli ndiyo huwadanganya wengi. Kuza tarakimu za mwaka. Kivuli kikiwa bapa, chini kama ngazi, na tarakimu yenyewe imekonda, muhuri ulicheza wakati wa kugonga. Zipo nyingi na hazina thamani ya ziada. Muhuri uliochongwa mara mbili hutoa picha mbili zenye mgongo wa mviringo, tarakimu nene, na mpasuko mdogo kwenye pembe za herufi. Hiyo ndiyo ya kuweka, na sarafu nyingine za muhuri huohuo zitakuwa nayo hivyohivyo.

Herufi moja ikikosekana huku jirani zake zikiwa kali, grisi iliyochanganyika na vumbi la chuma iliziba muhuri. Zikififia zote, sarafu imechakaa tu.

Kuna pia mihuri iliyopishana, yaani mmoja umezunguka kidogo ukilinganisha na mwenzake. Shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, kichwa kikiwa wima, uizungushe kama mlango. Linganisha na nyingine mbili za aina hiyo: mnyama akilala kwa namna isiyo ya wenzake, unayo. Tofauti ya nyuzi chache tu ni ya kawaida, usiihesabu.

Mia na jero ni chuma kilichofunikwa utando, ndiyo maana hunasa kwenye sumaku. Vilengelenge vidogo ni utando ulioshindwa kushika. Mia ya kijivu ichunguze kwa makini: iliyochakaa hupoteza rangi kwanza kwenye ukingo na sehemu zilizoinuka, ila njano hubaki mashimoni mwa herufi. Ambayo haikupata utando kiwandani ni kijivu mpaka mashimoni, na picha yake bado kali. Iliyotiwa maji ya betri ina vitundu vidogovidogo, na mizani itaonyesha imepungua kuliko wenzake. Zilizookotwa ufukweni Coco au Kigamboni ziache; chumvi imeshazila.

Jero inapaswa kuwa na gramu 9.5 hivi, na ukiigeuza kwenye mwanga, alama yake fiche hubadilika kati ya 500 na BOT. Ikikosa vyote viwili, usidhani umepata kasoro adimu. Huenda ni bandia.

Uliyoitenga usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Isuuze kwa maji na sabuni, ikaushe kwa kupapasa na kitambaa laini, uiweke peke yake kwenye karatasi kavu, mbali na hewa ya bahari, na uandike juu yake mwaka, uzito na ulichokiona.