Mwalimu wa kike, ijue tabia yako kwanza ndo utaiweza stresi ya kazi

Ushauri tunaopewa ni ule ule, pumzika, kunywa maji, sali, sawa, lakini tabia hazifanani na kinachommaliza mwenzio wewe kinaweza kisikuguse kabisa. Kwa hiyo wiki nzima kila ukitoka shule andika kitu kimoja kilichokukera na ulifanya nini. Ijumaa usome yote.

Ukikuta "nilikubali, nilikubali", wewe ni wale wasioweza kukataa na ndo tuko wengi, manake mwalimu mwanamke akionekana mpole basi zamu yake, chai ya ofisini yake, binti aliyeingia hedhi darasani wake, michango ya kumuaga anayehama akusanye yeye, halafu akifika home sufuria inamsubiri. Usigome ghafla, utaitwa mjeuri. Acha tu kujibu papo hapo, sema "ngoja nicheki ratiba, nitakujibu saa nne", na ukikubali basi uondoe kingine, "zamu nashika ila madaftari ya la tano ni Alhamisi". Mwalimu mkuu mfuate ofisini, kwenye kikao mbele ya watu atajihami tu.

Ukikuta "sikumaliza" kila siku, wewe unataka kila kitu kinyooke. Hapa Tanzania kiwango cha serikali shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu, ila toka elimu bila malipo ianze 2016 kuna madarasa yana zaidi ya 100, sa ukisahihisha kila sentensi ya kila mtoto utalala saa ngapi? Leo chukua safu mbili usahihishe kwa kina, waliobaki wabadilishane madaftari wasahihishane majibu yakiwa ubaoni, kesho geuza.

Wenye wasiwasi, wale wanaomuota mdhibiti ubora (mkaguzi wa shule) usiku, andalio la somo liandikwe kabla ya kutoka shule, likilala kwenye begi halijaandikwa na wewe hulali. Wakimya tafuteni mwalimu mmoja tu wa kumwambia ukweli, mmoja anatosha.

Ila kuna mengine tabia haihusiki. Usingizi ukikata wiki kadhaa, unalia ovyo, unaogopa hata geti la shule, nenda hospitali. Na anayenyonyesha, Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa ruhusa ya kunyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, andika barua uombe na nakala ubaki nayo.